Mtu mzima na riwaya: maarifa au kupoteza muda?

Mwana Kurasa
Wakuu, nisaidieni. Tuna kikundi cha watu tisa, tunasoma kitabu kimoja kwa mwezi halafu tunakaa kukijadili. Juzi mwenzetu kataka tuache riwaya kabisa, tubaki na historia, wasifu, uchumi, vitu vya namna hiyo. Hoja yake ni kwamba mtu mzima hana muda wa kufuatilia habari za watu ambao hawakuwepo. Watatu wakamuunga mkono, wanne wakakataa, kwa hiyo kura yangu ndiyo inasubiriwa. Orodha ya mwaka imechanganyika: Kuli, Maisha Yangu ya Shaaban Robert, Shamba la Wanyama, Rosa Mistika, na kile cha Walter Rodney cha 1972 kuhusu Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Mimi sioni cha kutupa hapo. Mnasemaje?

Hesabu Kwanza
Mwenzako yuko sahihi na nasema bila kupepesa macho. Riwaya nimeziacha mwaka wa sita huu. Nikifunga kitabu nataka nibaki na kitu: tarehe, takwimu, namna jambo lilivyotokea. Rodney anakupa hivyo. Riwaya inakuachia nini? Huzuni. Huzuni ninayo ya kutosha, sina haja ya kuongezewa.

Bibi Herufi
Hesabu Kwanza kaka yangu, ulitaka tarehe? Mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948. Shuleni niliusoma mistari mitatu, nikajibu mtihani, ukaniponyoka siku hiyohiyo. Miaka mingi baadaye nikasoma Kuli ya Adam Shafi na mpaka leo nikiona mtu kabeba gunia natazama shingo yake kwanza, jinsi inavyolala upande. Hiyo tarehe haitoki tena kichwani. Na hilo la huzuni ungeliacha tu. Hakuna aliyekuuzia.

Kiko cha Msa
Halafu riwaya zimewahi kubadilisha sheria. Kuna ile ya Marekani ya machinjio, jamaa kaandika watu wakaacha kula nyama, serikali ikakimbilia bungeni. Nadhani ilikuwa 1910 au hapo karibu.

Hesabu Kwanza
1906. The Jungle ya Upton Sinclair, machinjio ya Chicago, na sheria za chakula na nyama zilipitishwa mwaka huohuo. Ila malizia kisa, mkuu. Sinclair alitaka wasomaji wawahurumie wafanyakazi, wao wakayahurumia matumbo yao. Makuli wa Chicago walibaki walipokuwa. Mshale ulipiga asipolenga, nawe unautaja kama ushindi.

Bibi Herufi
Na angeandika ripoti?

Hesabu Kwanza
Ingesomwa na wanaohusika.

Bibi Herufi
Yaani wenye machinjio. Haya.

Mpita Njia
Nyie mnazunguka mbuyu. Riwaya inafundisha kwa sababu inakufikisha mahali ambapo mhadhara haufiki. Chukueni hiyo Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1975 kama sikosei. Unaweza kuwahubiria wazazi kuhusu kuwabana mabinti mpaka koo likauke. Lakini Rosa anapojiua, halafu pale mwisho yeye na Zakaria baba yake wanasimama mbele ya Mungu kila mmoja na lake, hapo mzazi anajitazama mwenyewe. Takwimu gani inafanya hivyo?

Nusu Ukurasa
Samahani. ANAJIUA?

Mpita Njia
Pole, ndugu. Nilidhani kila mtu ameshakisoma.

Nusu Ukurasa
Niko ukurasa wa sitini. Nimeingia huku kwa sababu mada inasema "maarifa au kupoteza muda", haikusema "njooni mmwagiwe mtama". Nilikuwa nasoma kidogokidogo kila usiku ili kisiishe haraka. Nilikuwa nimeanza kuamini mtoto atatoka salama.

Fundi Maneno
Kwanza ni 1971, si 1975. Ya 1975 ni Dunia Uwanja wa Fujo. Pili, kitabu kina zaidi ya miaka hamsini, kiliwahi hata kupigwa marufuku mashuleni. Siri gani tena hiyo? Tutafunika mwisho wa vitabu mpaka lini?

Nusu Ukurasa
Umri wa kitabu unanihusu nini? Mimi ndani yake nina siku nne tu.

Bibi Herufi
Nami nina neno na Mpita Njia. "Pole" ni ya anayepita akakukuta umeanguka. Aliyekusukuma anasema "samahani". Usichanganye madawa.

Mpita Njia
Dada, mimi nilikuwa natetea riwaya, upande wako huohuo! Na ajabu, aliyesema samahani hapa ni yule niliyemkosea.

Fundi Maneno
Ngoja niwatulize. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, kile cha San Diego, walilifanyia kazi jambo hili mwaka 2011. Waliwapa watu hadithi fupi, wengine wakiambiwa mwisho kabla ya kusoma. Waliomwagiwa walizifurahia zaidi, hata zile za upelelezi. Kwa hiyo Nusu Ukurasa, kitaalamu umefanyiwa hisani.

Nusu Ukurasa
Naomba mnipunguzie hisani.

Bibi Herufi
Fundi, wengine walilipima baadaye wakapata kinyume, hilo umeliruka. Na hadithi fupi unaimaliza kwa kikao kimoja. Riwaya unakaa nayo wiki mbili, unakwenda nayo kazini, unamwaza Rosa ukiwa kwenye foleni. Mwache mtu na wiki zake mbili.

Kiko cha Msa
Mimi kwani nina kasoro gani, maana huwa naanza na ukurasa wa mwisho.

Bibi Herufi
Wa kitabu gani?

Kiko cha Msa
Chochote. Nasoma mwisho, nikiupenda narudi mwanzo. Usiponivutia narudisha kitabu rafuni. Nimeokoa muda mwingi sana.

Fundi Maneno
Umejiita kiko cha Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla! Mtu anayekaa na kiko chake na Najum msaidizi wake anafungua fundo mojamoja, wewe unampita mbio unamsubiri mlangoni? Mzimu wa Watu wa Kale uliusoma hivyo?

Kiko cha Msa
Nikiwa na miaka kumi na minne. Nikajua muuaji kabla sijajua nani kauawa. Nikarudi mwanzo nikawa namtazama kila anapoingia, anavyoongea kwa utulivu, na hakuna anayemshuku isipokuwa mimi na mwandishi. Sijawahi kufurahia kitabu kama kile. Nyie mnasoma kwa kushtuliwa, mimi nasoma kwa kuvizia.

Nusu Ukurasa
Wewe ulijimwagia mwenyewe. Ungejua tofauti ya kufungua mlango wako na kuvunjiwa.

Hesabu Kwanza
Nimekaa kimya makusudi, na nyie wenyewe mmenifanyia kazi. Nikiambiwa Nyerere alifariki 1999, wasifu wake haujaharibika hata herufi moja. Cha Rodney mtu akinisimulia chote kuanzia mwanzo, nitakwenda kukisoma bado. Kitabu kinachokufa kwa sentensi moja ya Mpita Njia kilikuwa na uhai gani?

Bibi Herufi
Hapo umepiga vizuri, nakupa. Lakini García Márquez alikwisha kukujibu mwaka 1981. Riwaya yake inakwambia sentensi ya kwanza kabisa kwamba huyu mtu watamuua leo, na bado unakimbia nayo mpaka mwisho ukiomba mmoja wa wale wanaojua amwambie.

Hesabu Kwanza
Basi Nusu Ukurasa analia nini?

Nusu Ukurasa
Kwa sababu huyo aliambiwa na MWANDISHI. Mimi nimeambiwa na Mpita Njia.

Fundi Maneno
Hesabu Kwanza, hayo "maarifa" yako nayo yana mambo. James Frey alitoa kitabu 2003 kama maisha yake halisi, ulevi, madawa, jela. Januari 2006 ikabainika amejitungia mengi, mpaka wachapishaji wakakubali kuwarudishia fedha wasomaji waliodai. Mimi sijawahi kuona msomaji wa riwaya akidai fedha kwa kuwa mhusika hakuwepo.

Hesabu Kwanza
Mwongo mmoja hachomi maktaba.

Bibi Herufi
Na huzuni moja je? Ilichoma yako yote, miaka sita.

Hesabu Kwanza
Hujui nilisoma nini wala nilikuwa nauguza nani. Tujadili vitabu.

Bibi Herufi
Hapo nimevuka mpaka. Samahani. (Mpita Njia, tazama linavyoandikwa.)

Mwana Kurasa
Wakuu, nawashukuru sana, ila swali langu lilikuwa la kura. Tunakutana keshokutwa.

Fundi Maneno
Robinson Crusoe yenyewe ilipotoka 1719 jalada la ndani lilisema imeandikwa na Crusoe mwenyewe, jina la mtunzi, Defoe, halikuwepo. Watu wameanza kuuziana riwaya kama wasifu tangu zamani. Kiko cha Msa, ukisoma mwisho kwanza, sura ya katikati unaisoma lini?

Kiko cha Msa
Nikifika.

Nusu Ukurasa
Nimekimaliza. Nilikaa nacho mpaka saa nane usiku. Kuanzia ukurasa wa sitini nilikuwa nasoma kila sentensi ya Rosa kana kwamba anaaga, hata anapocheka. Ilinichosha. Nilipofika penyewe sikushtuka, nilikiweka kifuani nikazima taa. Sijui ningekisomaje kama nisingejua, na hilo ndilo sitalijua tena. Mpita Njia, bado una deni langu.

Kiko cha Msa
Karibu kwenye kuvizia.

Mpita Njia
Mimi nimeshaomba radhi humu, msomaji yeyote apande juu ahesabu. Mara mbili.

Bibi Herufi
Nimepanda. "Pole" moja.