Mwanangu kapigwa ASBO Uingereza, naomba ushauri wa rufaa

Mama Nasri: Wakuu, nipo Midlands. Mwanangu ana miaka 16. Kaunsili imempeleka mahakama ya vijana, kapigwa ASBO, amri ya mahakama ya kuzuia kero kwa majirani: asikanyage barabara ya maduka, asionekane na wenzake wawili. Ushahidi ni karatasi za majirani wasiotajwa majina, hakuna hata mmoja aliyefika mahakamani. Huo ndio utaratibu? Nikate rufaa?

Kobe wa Pemba: Pole dada. Ulaya hailei. Wangu nilimrudisha Tanga akiwa kidato cha pili, leo ni fundi umeme, ana mke na watoto.

Wakili Mstaafu: Tanga baadaye. Maelezo ya majirani kusomwa bila wao kufika yanaruhusiwa. Kesi ya McCann, 2002, ilishaamua kuwa haya ni mashauri ya madai, si ya jinai. Hapo hupati kitu. Wito uliupata?

Mama Nasri: Ulikuja.

Wakili Mstaafu: Mlikwenda? Amri ya lini?

Mama Nasri: Hatukwenda. Nilitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na kukosa zamu ni kukosa kodi. Amri ni ya mwezi uliopita. Na kabla hamjanisema, nauli ya Dar nimeshalipa nusu. Bibi yake anamsubiri Tandika. Namjua mwanangu, atatulia kule.

Chuma cha Reli: Hii chai. England ASBO zilishaondolewa, sheria ya 2014 ikaleta amri nyingine. Mwenye karatasi angejua.

Bonde la Clyde: Kwetu Scotland bado zipo lakini.

Mama Nasri: Karatasi ninayo mkononi, imeandikwa "Injunction", yaani zuio. Polisi na majirani wote wanasema ASBO, niseme nini mimi? Ina muhuri, na jina la mwanangu wamekosea herufi.

Kobe wa Pemba: Jina limekosewa? Amri imekufa hiyo!

Wakili Mstaafu: Haijafa. Na "Injunction" ndiyo hiyo amri ya sheria ya 2014. Mama, uliza hili: kwa mtoto chini ya miaka 18, kaunsili lazima ishauriane kwanza na timu ya vijana wakosaji ya eneo lenu. Kifungu cha 14 cha sheria hiyo. Walifanya? Pia amri yake haitakiwi kuzidi miezi 12. Rufaa inakwenda Crown Court, mahakama ya juu ya hiyo ya vijana, kwa kawaida ndani ya siku 21. Zikipita unaomba kuongezewa muda na kueleza sababu. Au omba mahakama iliyoitoa ilegeze masharti. Na ndege asipande kwanza. Kama ameamriwa kuonana na msimamizi, kutoweka ni kuivunja, na kwa umri wake anaweza kufungiwa.

Mama Nasri: Sharti hilo lipo, kila Jumatano. Hiyo timu hakuna aliyenitajia. Lakini nauli hairudishwi, Wakili, labda nisogeze tarehe tu. Nani anamjua wakili wa vijana Leicester anayechukua kesi za msaada wa kisheria?