Foki ya downhill: nichukue ya krauni mbili ama hii Zeb ya 170?

mteremko_ke:
Habari wasee. Niko na fremu ya enduro (baiskeli ya mlima ya kupanda na kuteremka), tairi 29, imeundwa kwa foki (uma wa mbele wenye sispensheni) inayozama 160 mm, na foki yenyewe imechoka, mafuta yanavuja kwa sili (mpira wa kuzuia mafuta) na mirija, ile inayoteleza ndani ya miguu ya chini ya foki, ina mikwaruzo mpaka ukucha unakwama. Mimi ni wa Ngong Hills sana, wikendi zingine msitu wa Kereita, mawe na mizizi na kuruka kidogo. Nimepata foki mbili za mitumba bei karibu sawa, Fox 40 ya 203 mm ile ya krauni mbili (vishikio viwili vya mirija, juu na chini ya shingo ya fremu), na RockShox Zeb ya 170. Roho inataka 40. Na gia zote nina kilo 82, habu ya mbele ni 15x110 (ekseli ya mm 15). Nishaurini kabla nitume pesa, na mnielezee pia kuiset kuanzia mwanzo.

chuma_na_hewa:
Chukua Zeb boss. 40 ni foki ya nguvu, mirija ya 40 mm haiyumbi hata uingie kwa mawe na spidi gani, lakini ni ya fremu ya downhill. Krauni mbili zinabana shingo ya fremu juu na chini na mzigo wote unaishia hapo, na fremu nyingi za enduro watengenezaji hawaruhusu, ikipasuka garantii hakuna na wewe uko katikati ya mteremko. Halafu unaongeza zaidi ya 40 mm mbele, na kila 20 mm hivi pembe ya shingo inalala karibu digrii 1, kwa hivyo baiskeli itateremka vizuri ila kupanda itakuwa mateso, gurudumu la mbele linatangatanga tu. Huku kwetu hakuna lifti ya kukupeleka juu ya Ngong, unapanda na miguu yako! Na ekseli ya 40 ni 20 mm, hiyo habu yako haiingii, ni gharama ingine. Zeb ina mirija ya 38 mm, hiyo ni foki ya kazi kabisa. Angalia tu mwongozo wa fremu kama inakubali 170.

dada_spoki:
Naunga mkono, ila usitume pesa kabla hujaiona. Uliza ni ya 29 ama 27.5, na shina la juu (mrija unaoingia kwa shingo ya fremu) limebaki sentimita ngapi, kwa sababu mwenye alikuwa nayo alilikata kulingana na fremu yake na likiwa fupi hakuna cha kuongeza. Futa mirija, izungushe kwa jua, pitisha ukucha. Mkwaruzo mdogo juu kabisa karibu na krauni unaweza kuvumilika, ukiwa mahali sili inapita achana nayo.

mteremko_ke:
Sawa, Zeb basi. Mwongozo unasema mwisho ni 170. Sasa hewa?

chuma_na_hewa:
Anza na ile chati ya psi iliyobandikwa kwa mguu wa foki, tafuta kilo zako, lakini hiyo ni mwanzo tu. Tia hewa pole pole ukisimama kila baada ya kiasi kidogo unaibonyeza mara kadhaa ndio chemba ya juu na ya chini zilingane, ukijaza mara moja itakudanganya. Vaa gia zako zote, simama kwa pedali kama unateremka, mtu akushikie baiskeli, uone imezama kiasi gani, hiyo ndiyo sagi. Kwa downhill mimi napenda 15 hadi 20 kwa mia, kwa 170 hiyo ni kama 26 hadi 34 mm. Kompresheni (kizuizi cha foki kuzama) iache wazi kabisa kwanza. Ribaundi (spidi ya foki kurudi juu) ndio watu wengi wanapuuza na ndio inakuweka chini ama juu ya baiskeli: ikiwa pole sana, kwa mawe yanayofuatana foki hairudi kwa wakati, inazidi kuzama mpaka inakuwa ngumu kama chuma, ikiwa haraka sana hendobari inakurushia mikono. Chagua kipande kimoja cha njia, kirudie, geuza kliki moja ama mbili kila mara na usiguse kitu kingine. Ukibadilisha hewa, ribaundi pia iangalie upya. Tokeni za ndani (vipande vya plastiki vya kupunguza nafasi ya hewa) ni za mwisho: kama sagi iko sawa lakini inagonga chini kila wakati ongeza moja, kama haifiki mwisho hata ukiruka sana toa moja.

mwanangong:
Ongezeni hii, ya huku juu. Nairobi ni karibu mita 1,800, na kilele cha Ngong kinapita 2,400. Foki ikifungwa miguu ya chini mahali pa usawa wa bahari, hewa iliyonaswa humo ndani ikifika huku inasukuma karibu psi 3 zaidi ya hewa ya nje, na hiyo inafanya foki iwe ngumu mwisho wa safari yake hata kama pampu inasoma vizuri. Zeb zingine ziko na vitufe vya kutoa hiyo hewa nyuma ya miguu, bonyeza tu ukifika juu. Kama haina, ingiza ziptai nyembamba, laini na safi kati ya sili na mrija, polepole, utasikia ikipumua. Futa vumbi kwanza.

dada_spoki:
Na huduma ya miguu ya chini ni kila saa 50 za kuendesha, hiyo ni ya RockShox wenyewe. Kiangazi hiki mimi sisubiri zifike. Murram nyekundu ikishaingia kwa sili inasaga mirija, na mirija ndiyo bei ya foki.