Tupeane uzoefu: Kipupwe cha Nairobi na likizo ya Agosti

MamaPacha_Umoja

Wapendwa, habari za baridi. Hapa Umoja likizo imeingia wiki ya pili, pacha wangu wako nyumbani, na jua nimelisahau sura. Nguo nilizofua Jumatatu ziko kambani hadi leo Alhamisi. Zimeanza kunuka uvundo, kwa hiyo nitazifua tena ili zisikauke tena.

Nimefungua uzi huu kwa sababu ya kisa cha mwaka jana. Shemeji yangu, ndugu ya mume wangu, anaishi Minneapolis huu mwaka wa kumi na nne. Alikuja na familia Julai, maana ndipo shule za huko hufungwa. Tukaenda kuwapokea uwanja wa ndege alfajiri. Kutoka, watoto kaptura, mama yao gauni la mikono mifupi, yeye mwenyewe ndara. Walikuwa wanakuja Afrika! Mume wangu amevaa kabuti na boshori, na wale watoto wanamwangalia kama mtu wa mchezo wa kuigiza. Mimi nikanyamaza. Siku ya tatu yule mdogo wao alilala na jaketi langu la mtumba la Gikomba, zipu hadi kidevuni, soksi mbili kila mguu. Na baba yake akaniambia, tena kwa uchungu: "Shemeji, kwetu nje inashuka nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini ndani natembea na fulana. Nyinyi mkiingia ndani bado mko nje."

Neno hilo limenikaa, kwa sababu kipimo chetu ukikisoma hakitishi. Nyuzi 11 au 12 alfajiri, mchana 21 ikijitahidi. Mtu wa Ulaya atacheka. Lakini nyumba zetu ni mawe, sakafu vigae, matundu ya hewa juu ya madirisha, na cha kupasha joto hakuna. Mchana mzima ukuta haujaona jua, jioni ukiuegemea unakunyonya. Baridi ya Nairobi huikuti barabarani. Unaikuta kwenye kochi, imekaa inakungoja.

Sasa nataka visa. Ushauri wa "vaeni nguo nzito" tunao wa kutosha. Baridi hii iliwafanyia nini likizo, au mliikimbia mkaenda wapi?

Fundi_Dandora

Soksi za mtoto nyuma ya friji. Usiku zikikataa, napiga pasi hadi zitoe mvuke. Anazivaa zikiwa na moto, anacheka peke yake.

Binti_Kibokoni

Salaam aleikum jamaa. Mie ni wa Mombasa, nimeolewa huku, South C mwaka wa sita. Hiyo baridi yenu sisi twaijua kwa jina. Ni kusi. Huvuma kutoka kusini mashariki tangu Aprili hivi hadi Septemba, na huko itokako ndiko majira ya baridi yenyewe. Yapita kwetu yatupa manyunyu, kisha yapanda bara. Ikifika Nairobi, mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, yageuka yale mawingu ya kijivu yakaao juu ya mji kama kifuniko cha sufuria.

Sasa kisa. Mume wangu ni mtu wa Murang'a. Agosti moja akasema watoto wapelekwe pwani wakaote jua, wamechoka kukohoa. Nikamwambia sawa baba, tiketi za treni ni zako. Tulipofika Mtwapa kwa mamangu, upepo wavuma minazi yalala upande mmoja. Kesho yake ufuoni, mawimbi, bahari imechafuka, na mwani umejaa hadi magotini. Mamangu amejitanda leso mbili, nyuzi 25, asema baridi ya mwaka huu imezidi. Mume wangu kasimama na kaptura yake mpya, kaniangalia. "Mbona hukuniambia?" Nikamwambia, "Hukuuliza. Wavuvi wenyewe hawatoki nje ya mwamba, wewe umetoka na treni Syokimau."

Lakini watoto, subhanallah! Waliingia majini asubuhi wakatoka adhuhuri. Kwao ule ulikuwa moto. Kikohozi kilikwisha siku ya nne, na mamangu akadai ni mafuta yake ya nazi.

Njoki_Kinoo

Binti Kibokoni umenichekesha. Mimi nikiona watu wa Umoja wanalia baridi nacheka pia, mnisamehe. Sisi Agosti tulikuwa tunapelekwa Kinangop kwa guka na cucu, yaani babu na nyanya, karibu mita 2,500. Tunatoka Nairobi tukidhani tumeshajua baridi.

Nyumba kubwa ya mbao ilikuwa ya wageni na picha za harusi. Maisha yote yalikuwa jikoni, kibanda cha pembeni chenye moto katikati. Moshi unakula macho lakini hakuna aliyekubali kutoka. Viazi tulizika kwenye jivu, unachomoa kimoja unakihamisha mkono huu mkono huu, nusu kukila, nusu kujipasha moto. Cucu alikuwa anatupanga kulala kulingana na nani alikojoa kitandani juzi. Huyo anawekwa mbali na moto, na ilikuwa adhabu kubwa kuliko fimbo.

Ila kilichonibakia ni kukama. Saa kumi na moja asubuhi, nyasi zinakata miguu kwa umande, vidole havikunji. Kazi hiyo tulikuwa tunaipigania. Kwa nini? Kwa sababu kiwele cha ng'ombe ni moto. Unaweka mikono pale, unaegemeza paji la uso kwenye ubavu wake, na unaomba maziwa yasiishe haraka. Guka alijua hila zetu, alikuwa anahesabu dakika.

Na jambo moja ambalo watu hawaamini. Sakitu, ule umande unaoganda barafu, iliyokuwa inaunguza viazi vya guka haikuwa ya hiyo miezi ya mawingu. Ilikuja zaidi Januari, baada ya Krismasi, wakati mchana jua linawaka vizuri na nyinyi huku mko fulana. Usiku ukiwa na nyota nyingi, guka hakulala. Alikuwa anasema mawingu ni blanketi la shamba, yakiondoka ardhi inabaki uchi. Asubuhi unakuta majani meupe kama yamenyunyiziwa chumvi. Saa nne jua likishapiga, yote meusi. Hakupiga kelele. Alikuwa anaenda kukaa kwenye gogo na chai yake, na sisi watoto tulijua siku hiyo hakuna kukimbizana.

MamaPacha_Umoja

Njoki, basi mimi nimenyamaza na vigae vyangu. 😂

Mpangaji_Githurai

Nimeandika hii nikafuta mara tatu. Acha niiseme.

Ilikuwa likizo ya Agosti, miaka mitano sasa. Chumba kimoja, mimi, mke wangu, mtoto wa miaka miwili, na shemeji yangu mdogo, kijana wa kidato cha pili aliyekuja kutoka Kitui kukaa nasi wiki moja. Kitui ni joto. Yule kijana alikuwa anatetemeka mpaka kijiko kinagonga sahani. Siku hiyo mke wangu alikuwa amechemsha githeri kwa jiko la makaa nje kwenye korido. Saa tatu usiku makaa yalikuwa mekundu, safi, hata moshi kidogo hakuna. Mimi mwenyewe ndiye niliyelibeba nikaliingiza ndani. Sikusukumwa na mtu. Niliamini kile tunachoamini sote mtaani, kwamba jiko lisilo na moshi halina neno.

Mlango nikafunga, chini nikaziba na kitambaa. Tundu la hewa lilikuwa limezibwa na katoni tangu Juni. Tukalala vizuri ajabu. Joto lile nalikumbuka hadi leo, lilikuwa tamu.

Mtoto ndiye aliyelia. Mke wangu akainuka kumchukua akaanguka. Nikadhani amejikwaa kwenye viatu. Nikataka kucheka. Niliposimama magoti hayakuwa yangu, na kichwa kinapigwa kama mtu anapasua kuni ndani. Nilifungua mlango, na nisijifanye nilikuwa nimeelewa. Nilitaka kutapika, sikutaka kuchafua ndani. Hiyo tu. Upepo ukaingia, jirani akasikia, wakatutoa mmoja mmoja. Kijana wa Kitui alikuwa wa mwisho na hakuwa anaitika.

Hospitalini walituwekea oksijeni. Daktari akanieleza polepole, maana alikuwa ananiona sielewi. Ile hewa ni monoksidi ya kaboni, haina rangi, haina harufu, na makaa mekundu yasiyo na moshi yanaitoa vilevile. Ukiivuta, damu inaishika kwa nguvu kuliko inavyoshika oksijeni, kwa hiyo unazimika taratibu ukijiona umepata usingizi mzuri. Nikamuuliza kwa nini sikuamka. Akasema, ulikuwa unaelekea kutoamka.

Kijana alifungua macho kesho yake mchana. Leo yuko chuo. Mama mkwe hakunigombeza hata siku moja na hilo ndilo linaloniuma. Alikuja, akaangalia lile tundu, akachomoa katoni kwa mkono wake, akaikunja vizuri akaiweka kwenye mfuko wake akarudi nayo Kitui.

Fundi_Dandora

Pole sana ndugu yangu. Nimeinuka kwenda kuangalia tundu letu. Lilikuwa na gazeti. Nimelitoa.

Njoki_Kinoo

Na kibanda cha cucu kilikuwa na mianya kila ubao. Tulikuwa tunalalamikia ile mianya.

Wekesa_wa_Kanduyi

Mpangaji, Mungu amewahurumia. Ngoja nilegeze kidogo.

Sisi Wabukusu Agosti ya mwaka wa shufwa si likizo ya kupumzika, ni tohara. 2022 ilikuwa zamu ya kijana wangu, miaka 13, mzaliwa wa Donholm. Huyu mtoto alikuwa haogi bila besheni kuchemshiwa maji, na stima ikipotea anaenda shule amenawa uso pekee. Tukafika Bungoma, akapewa chinyimba, zile njuga za mkononi, azigonge, akazunguka kualika jamaa, khocha wake, yaani mjomba, akamtolea mnyama kama inavyotakiwa. Usiku mzima nyimbo. Kisha alfajiri mtoni. Giza, ukungu, maji ya Agosti. Akapakwa matope kuanzia kichwani, akaanza safari ya kurudi nyumbani hivyo hivyo, uchi, upepo unampiga, watu wameimba mbele na nyuma. Wazee husema baridi ile ni sehemu ya dawa. Mimi nilikuwa na jaketi na meno yanagongana. Yeye alisimama kimya kama mti.

Tuliporudi Donholm Septemba, asubuhi ya kwanza, nikasikia kutoka bafuni: "Baba, maji ya moto hakuna?"

Dereva_Rongai

Wekesa 😂😂. Yangu ni ya mafuta ya gari.

Julai mwaka juzi, siku ya kumi na moja bila jua. Mke wangu alikuwa anaongea na kamba ya nguo kama mtu anayedaiwa. Jumapili nikasema ingieni garini, tunaenda Magadi. Kutoka Rongai ni kilomita mia hivi, unashuka tu bondeni. Ukipita Kiserian unafika pale panapoitwa Kona Baridi, na aliyepapa jina hakukosea, mlango wa gari ulitaka kung'oka. Watoto wanauliza kama nina akili. Baada ya hapo barabara inaanza kuteremka na unahisi masikio. Kona ya kwanza boshori zikatoka. Ya pili sweta. Tulipofika Olorgesailie, pale penye shoka za mawe za kale, mimi niko fulana na madirisha yote wazi. Magadi yenyewe iko mita 600 tu kutoka usawa wa bahari. Ziwa jeupe la magadi, heroe wamesimama mbali, na jua linakupiga kofi.

Dakika kumi watoto wakaanza kulalamika joto. Nikawaambia hakuna ruhusa ya kulalamika, kaeni muive.

Nageuka, mke wangu amefungua buti. Alikuwa amepakia karai zima la nguo mbichi bila kuniambia. Sare, mashuka, taulo, soksi zote. Alizitandaza kwenye vichaka vya miiba na juu ya boneti. Vijana wawili wa Kimaasai na mbuzi wao walisimama wakatutazama muda mrefu. Mmoja akauliza kwa heshima, "Mzee, Nairobi hakuna kamba?"

Nusu saa, kila kitu kimekauka kau. Mafuta yalinigharimu kuliko dobi wa miezi mitatu, lakini mke wangu alirudi akiimba.

MamaPacha_Umoja

Dereva, hiyo gari ina nafasi? Mimi na karai langu tuko hapa stejini.

Shemeji_Minneapolis

Nimeona nimesemwa. Shemeji, hukutaja kwamba lile kabuti la kaka nilirudi nalo huku. Nilivaa Januari, nyuzi 24 chini ya sifuri, nikitoa theluji mlangoni kwa koleo ili gari litoke. Halikufaa kitu. Lina matundu mawili kwapani.

Krismasi huku watoto wangu hawatoki nje hata kidogo, wanacheza na fulana sebuleni, na kila mwaka wanauliza lini tutarudi kulala wote wanane kwenye vile vitanda viwili. Sikuwaambia kwamba ilikuwa kwa sababu ya baridi. Walidhani ni desturi.

Julai tunakuja tena. Tuje na hita?

MamaPacha_Umoja

Leteni kabuti. Hita, tokeni za stima nani atalipa?