Nesi Ujerumani: nakatwa kodi ya kanisa, na kibali kinaisha kabla ya Krismasi

Mmachame_Kiel
Wakuu habari zenu. Mimi ni nesi, nimeanza kazi Ujerumani mwaka huu, mke na watoto bado wako Moshi. Kwenye salari slipu naona nakatwa kitu kinaitwa Kirchensteuer, kuuliza naambiwa ni kodi ya kanisa, jamani kanisani kwao hata sijawahi kukanyaga maana zamu za Jumapili napangiwa mimi. Nani kawaambia mimi Mlutheri?? Halafu nimewekwa daraja la kodi namba 1 kama kapera wakati cheti cha ndoa ninacho. Na kibali kinaisha Desemba, ofisi ya wageni wananipa miadi ya Februari, na tiketi ya Krismasi nimeshakata.

kahawa_chungu
Umejisema mwenyewe mkuu 😂 siku ya kujiandikisha makazi kuna sehemu ya dini, ukajaza evangelisch, yaani Mprotestanti, kwa moyo mmoja kabisa. Ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, sio ya mshahara wote usiogope, Bavaria na Baden-Württemberg ni 8. Kujitoa unaenda Standesamt (ofisi ya kusajili vizazi na ndoa) au Amtsgericht (mahakama ya chini), inategemea jimbo. Wamisionari walituletea Ulutheri bure, bili imekuja sasa.

Mama Neema
Kaka usikimbilie kujitoa. Kama hospitali ni ya Diakonie au Caritas, yale mashirika ya makanisa, soma mkataba kwanza, kwa waajiri wa kanisa hilo jambo linaweza kukuletea shida kazini. Mimi nalipa tu, na usharika wetu wanatuachia ukumbi kwa ibada ya Kiswahili.

Kuhusu daraja hawajakosea, la 3 la wenye ndoa ni mpaka mke awe anaishi huku. Ila hela unayomtumia unaweza kuidai ipunguze kodi mwaka ukiisha kwenye ELSTER, ile tovuti ya kodi, fomu ya Unterhalt (matunzo). Kwa Tanzania wanakubali robo tu ya kiwango cha huku, na kuanzia 2025 lazima itoke benki iingie akaunti ya mke mwenyewe, ukimpa mtu bahasha anayeenda Moshi imekula kwako. Pia kuna fomu ya kuthibitisha kwamba anakutegemea, inagongwa muhuri na serikali ya huko, mwambie aanze kufuatilia mapema unajua ofisi zetu.

Jangwani2Bremen
La kibali ndo la haraka. Tuma maombi ya kuongeza KABLA hakijaisha, hata kama miadi ni Februari, tuma kwa maandishi na utunze ushahidi. Kisha dai Fiktionsbescheinigung, karatasi ya muda ya kuonyesha upo kihalali ukisubiri jibu. Ikija angalia wameweka alama wapi, aya ya 81 ya sheria ya ukaazi, kifungu cha 4 unasafiri na kurudi bila neno, kifungu cha 3 usitoke nje ya nchi, kurudi utahitaji viza mpya ubalozini Dar. Na ubebe kibali cha zamani pia, wale wa kaunta za ndege wengine hilo karatasi hawalijui wanaanza kupiga simu huku foleni inakuangalia.

Mmachame_Kiel
Asanteni sana. Maombi natuma leo. Mama Neema, hiyo fomu ya muhuri anapeleka kwa mtendaji wa kata au wilayani?

Mama Neema
Wangu alipeleka wilayani. Iprinti ile ya Kijerumani na Kiingereza, wasome wanachosaini.