Tupeane uzoefu: uliyewahi kutazama mechi kwenye jukwaa la kusimama, ilikuwaje?

#1 Nyuma ya Goli
Wakuu, salaam. Ubishi wa kukaa au kusimama uwanjani unarudi kila msimu, na wanaopiga kelele zaidi ni sisi tunaotazama kwenye televisheni. Safari hii naomba tuwasikie waliosimama kwa miguu yao wenyewe.

Kwa wasiofuatilia: baada ya maafa ya Hillsborough, uwanja wa Sheffield ambako mashabiki walibanwa hadi kufa mwaka 1989, timu za madaraja mawili ya juu England zilibanwa kuweka viti uwanja mzima kuanzia msimu wa 1994. Kamba ilianza kulegezwa Januari 2022. Timu tano zikaruhusiwa kujaribu, yaani Cardiff City, Chelsea, Manchester City, Manchester United na Tottenham, na mechi ya kwanza ikawa ya Chelsea na Liverpool tarehe 2, ikaisha 2-2. Msimu uliofuata ruhusa ikawa kwa kila timu inayotimiza masharti. Scotland walishatangulia, Celtic waliweka nafasi kama 2,900 tangu 2016.

Kinachoruhusiwa kwenye madaraja hayo si yale matuta ya zege ya zamani. Kila mstari una viti vya kukunja na chuma cha kushikia kinachokufika kiunoni, na tiketi moja ni nafasi ya mtu mmoja tu.

Uliyesimama, iwe enzi zile au juzi, mwaga hapa. Na uliyekerwa pia.

#2 Beki Tatu
Mimi ni mtu wa mechi za ugenini, huku England nina miaka mingi. Wanaosema kusimama "kumerudi" wananichekesha, maana kwenye kona ya wageni sijawahi kuona mtu amekaa. Viti vilikuwepo, sisi tulisimama mbele yake dakika tisini, na hatari yenyewe ilikuwa hapo. Mgongo wa kiti cha mbele unakufika magotini. Goli likiingia, wa nyuma anakurukia, huna pa kushika, goko linagonga plastiki na wewe unakwenda kichwakichwa kwa wa mbele yako. Dakika za majeruhi tukapata goli mahali fulani, kijana mmoja akaanguka mistari mitatu chini, jino nje. Alikuwa anacheka na damu mdomoni kwa sababu tumeshinda. Mke wake hakucheka.

Kwenye viwanja vyenye vyuma, shangwe ni ileile ila kila mtu anarukia palepale alipo. Wa nyuma anazuiwa na chuma chake, mimi nazuiwa na changu. Kilichobaki kunikera ni ubaridi wa kile chuma mwezi Januari. Njooni na glavu.

#3 Mama Kipa
Mimi nilisimama Dortmund, Ujerumani, lile jukwaa la kusini wanaloliita ukuta wa njano, karibu watu 25,000 upande mmoja wa uwanja. Mpenzi wa timu ni mume wangu, mimi nilisindikiza.

Jamani, mimi ni mfupi. Niliambiwa mwinuko ni mkali, utaona tu. Nikaona migongo. Kabla mpira haujaanza ikashushwa bendera kubwa juu yetu, kukawa giza, jasho na moshi wa sigara, watu wanaimba humohumo kama hakuna kilichotokea. Goli la kwanza sikuliona, nilijua limeingia baada ya kumwagiwa bia. Ndipo mzee mmoja jirani, hatuelewani hata neno, akanivuta mbele yake, akashika chuma kulia na kushoto kwangu, akatumia mikono yake kama uzio mpaka mwisho wa mechi. Hapo niliona kila kitu, hata kadi nyekundu ambayo mume wangu aliikosa.

Nikienda tena nitatafuta pembeni. Katikati ni kwa warefu na wenye mapafu.

#4 Nyuma ya Goli
Ahsante dada. Wengi hawajui kwamba uwanja huohuo una ujazo wa namna mbili. Kwenye ligi unaingiza zaidi ya 81,000, lakini kwenye mechi ambazo lazima watu wakae unashuka hadi kama 66,000. Ujerumani nafasi ya kiti kimoja inaweza kubeba karibu watu wawili wakisimama, na ndiyo maana tiketi za kule huwa nafuu. England wamekataa hesabu hiyo, kwao mmoja kwa mmoja. Kwa hiyo anayetarajia bei ishuke England kwa sababu ya kusimama atangoja sana. UEFA, wasimamizi wa soka la Ulaya, nao walianza majaribio ya kusimama kwenye mashindano yao msimu wa 2022/23, kwa England, Ujerumani na Ufaransa kwanza.

#5 Mkongwe
Vijana, mimi nilisimama miaka ya themanini, nikiwa mwanafunzi hukohuko England. Naomba mnisome taratibu.

Watu wakijaa, miguu ilikuwa inaacha ardhi. Sisemi kwa kupamba. Unaweza kubebwa ngazi sita chini na kurudishwa, hujapiga hatua hata moja. Wenyeji walinifundisha mambo mawili: mikono iwe kifuani kabla ya umati kubana, maana ikikukuta chini hutaitoa tena, na usisimame ukiwa na chuma mbele yako. Vyuma vya enzi zile vilikuwa vichache, hapa kimoja, kule kimoja, kwa hiyo uzito wa watu wote wa nyuma ulikuja kuishia kwenye mbavu za aliyebanwa hapo. Mjanja alihakikisha chuma kiko mgongoni. Leo kila mstari una chuma chake, uzito hauna pa kujikusanya, ndiyo maana unaweza kukiegemea bila wasiwasi. Tofauti yote iko hapo.

Hillsborough, 15 Aprili 1989, kulikuwa na vizimba, yaani jukwaa limekatwakatwa kwa uzio. Vya katikati vilikuwa vimeshajaa. Nje ya malango msongamano ukawa mkubwa, polisi wakafungua lango la kutokea, watu wakamiminika moja kwa moja kwenye handaki linaloelekea katikati. Hakukuwa na mtu wa kuwaelekeza pembeni, ambako nafasi ilikuwepo. Mbele yao uzio. Waliopoteza maisha kwa sababu ya siku ile ni 97, wa mwisho alifariki 2021. Mwaka 2016 baraza la mahakama lilitamka kwamba wale 96 waliokuwa wameshafariki waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuwa na lawama. Hata Jaji Taylor, ambaye ripoti yake ya Januari 1990 ndiyo iliyoleta viti, hakusema kwamba kusimama kwenyewe ni hatari.

Siku hizi nakaa, magoti hayanitaki. Ila mkikutana na mzazi aliyempoteza mtoto pale na hataki kulisikia jambo hili, mwacheni. Yeye hana deni la hoja kwa mtu.

#6 Offside
Pole mzee. Kwangu bado jibu ni viti. Ukiruhusu mia watasimama elfu. Mtu kwenye kiti anahesabika.

#7 Nyuma ya Goli
Offside, sasa Accra, Ghana, Mei 2001 utaiweka wapi? Polisi walirusha mabomu ya machozi majukwaani, watu wakakimbilia milango wakaikuta imefungwa, 126 wakafa. Ibrox, uwanja wa Rangers kule Glasgow, mwaka 1971, watu 66 walifia kwenye ngazi wakati wa kutoka. Kiti kingemsaidia nini mtu aliyebanwa mlangoni au kwenye ngazi? Mimi nikiingia uwanjani natazama kwanza njia ya kutokea, mengine baadaye.

#8 Koti la Njano
Nimefanya kazi ya usimamizi wa mashabiki uwanjani, upande wenye viti na baadaye upande wenye vyuma. Zamani amri ilikuwa "waketishe". Wewe mmoja, mbele yako watu mia nne wanakuimbia nyimbo za matusi. Unaomba, wanakaa sekunde kumi, kona inapigwa, wote juu. Ukitoa mmoja nje umeanzisha vita. Siku nzima unagombana na watu wasiofanya ubaya wowote, na yule mlevi anayetafuta ugomvi kweli anakupita.

Kwenye vyuma nilipumzika na hilo. Lakini msidhani hakuna shida. Shida ni wahamiaji. Mtu ana tiketi ya pembeni, marafiki zake wako nyuma kabisa ya goli, dakika ya kumi amehamia. Akija mmoja sawa, wakija thelathini ile hesabu ya mmoja kwa mmoja imekufa, na wa ziada wanajaa kwenye ngazi za kupitia. Akizimia mtu mstari wa ishirini, watu wa huduma ya kwanza wanapita wapi? Dawa yake ni kukagua tiketi tena kwenye mlango wa kila sehemu, si getini tu. Klabu zinazobana matumizi hukata watumishi hapohapo.

Offside, kwenye hilo la kuhesabu naungana nawe. Ila waliosimama nao wanahesabika, mradi pawe na mtu mlangoni.

#9 Gongo Moja
Na sisi? Nyonga yangu mbovu, siwezi kusimama zaidi ya dakika chache. Nilinunua tiketi ya kona ya wageni kwenye uwanja mmoja, wa mbele yangu wakasimama mechi nzima, nikatazama makoti. Nililalamika, nikajibiwa kwa barua nzuri yenye maneno matupu.

Ajabu ni kwamba mimi nataka waruhusiwe. Wakipewa sehemu yao, anayesimama mbele yangu kwenye viti hana kisingizio tena. Masharti ya England yanasema eneo la kusimama lisizibe macho ya wengine, wakiwemo wenye ulemavu. Nyumbani kwa timu yangu limetekelezwa na hali ni nzuri zaidi kuliko zamani. Ugenini ni bahati nasibu, sehemu ya wageni ni ndogo na tumerundikwa pamoja.

#10 Beki Tatu
Mkuu Gongo, hapo umetugusa wa ugenini. Sina utetezi.

#11 Mgeni wa Jukwaa
Natarajia kwenda na mwanangu wa miaka minane, na tiketi zilizobaki ni za sehemu ya kusimama. Niende au niache?

#12 Koti la Njano
Kwanza soma masharti ya klabu husika, nyingine zina umri wa chini kwa sehemu hizo. Akiruhusiwa, chagua mstari wa mbele kabisa au wa pembeni mwa ngazi, usiende katikati. Usimpandishe juu ya kiti, kikijikunja kitambana mguu, na akiwa juu yake chuma hakimkingi tena. England viti vya sehemu hizo havifungwi kwa kufuli, kwa hiyo akichoka anaweza kukaa, ila hataona kitu. Mchukulie kitu cha kuziba masikio.

#13 Mama Kipa
Na umvalishe koti ambalo huna uchungu nalo. Bia inanyesha.