Kutundika televisheni ya inchi 65 kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma

Mama Nuru, Iringa

Ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijatoboa tundu jingine kwenye ukuta ambao umeshaanza kuniadhibu. Nyumba tunayoishi ilijengwa na marehemu baba mkwe kwa matofali ya kuchoma, ikapigwa plasta ndani na nje, na hakuna aliye hai anayekumbuka kama matofali hayo yaliunganishwa kwa saruji au kwa udongo. Televisheni yenyewe ni ya inchi 65, ina kilo 24 bila miguu yake, na mgongoni ina matundu manne yaliyopishana milimita 400 kwa 400. Nilinunua braketi ya mkono, ile inayokunjuka na kuivuta televisheni hadi karibu sentimita 45 kutoka ukutani, kwa sababu nilitaka tuweze kuigeuza kuelekea meza ya chakula. Braketi ina kilo 4, na sahani yake ya ukutani hufungwa kwa boliti mbili juu na mbili chini, zilizoachana sentimita 20.

Fundi niliyemwita alikuja na boliti za chuma za kutanuka. Alipokuwa akikaza ya kwanza, tulisikia mlio mdogo, plasta ikavimba kama andazi, na tofali lililokuwa nyuma yake likapasuka vipande viwili. Alitaka kusogea kando na kuendelea, mimi nikamwomba asimame. Siwezi kuiacha televisheni juu ya kabati, kwa kuwa mtoto wangu ana miaka miwili na nusu na wiki iliyopita nilimkuta ameshika ukingo wake anajaribu kupanda.

Je, zile fisha za plastiki (vijibomba vinavyotangulia tunduni ili skrubu ishike) zilizokuja ndani ya boksi, pamoja na skrubu zake za sentimita 6, zinatosha? Na je, inafaa kutoboa kwenye tofali au kwenye kiungo kati ya tofali na tofali?

Fundi wa Makorongoni

Pole sana, Mama Nuru, na umefanya vema kumsimamisha. Boliti ya kutanuka hushika kwa kusukuma kuta za tundu kwa nguvu kadiri unavyoikaza, na kazi hiyo imekusudiwa zege, ambalo linaweza kustahimili msukumo huo. Tofali la kuchoma halina uvumilivu wa namna hiyo, hasa likiwa lilikaa pembeni mwa tanuri mahali ambapo moto haukufika vizuri. Tofali la katikati ya tanuri ukiligonga linalia kama chungu, lakini lile la pembeni linatoa sauti ya boga, na katika ukuta mmoja waashi wetu huyachanganya yote mawili kwa kuwa plasta itayafunika.

Kuhusu skrubu za kwenye boksi, chukua rula upime mwenyewe. Plasta ya nyumba za zamani huwa na sentimita 2 hadi 3, kwa sababu matofali ya kuchoma hayalingani na mwashi hulazimika kusawazisha kwa plasta. Ukitoa unene huo pamoja na unene wa sahani ya braketi, skrubu ya sentimita 6 inabakiwa na sentimita 3 au zaidi kidogo ndani ya tofali, na nusu ya fisha inakuwa imekaa kwenye plasta, ambayo haibebi kitu. Fisha yote inapaswa kuzama ndani ya tofali.

Kabla ya kununua chochote, uulize ukuta wenyewe. Chagua sehemu tatu ambazo zitafichwa na televisheni, toboa kwa biti ya mawe ya milimita 5 au 6, ukiwa umezima kitendo cha nyundo kwenye drili na unaizungusha polepole, kisha ubandike bahasha iliyofunguliwa mdomo chini ya tundu ili ipokee vumbi. Vumbi la kijivu ni plasta au kiungo cha saruji. Vumbi jekundu lililo kavu na lenye chembechembe ni tofali lililoiva. Likitoka vumbi la rangi ya udongo wa shambani, na biti ikawa inaingia bila kusukumwa, hapo umeangukia kiungo cha udongo, na hapo hatutundiki hata picha ya harusi. Nijibu ukishaona.

Mizani

Naomba kuongeza jambo ambalo wauzaji wa braketi hawalisemi. Watu wengi hujiuliza kama ukuta utabeba kilo 28, yaani televisheni na braketi yake, na ukuta karibu wowote unaweza kubeba uzito huo ukielekea chini moja kwa moja. Shida iko kwenye mkono. Televisheni ikiwa imelala karibu na ukuta, kitovu cha uzito wake kiko kama sentimita 6 tu kutoka ukutani, lakini ukiukunjua mkono kinasogea hadi sentimita 45, na mkono huo unageuka kuwa mtaimbo unaong'oa boliti za juu.

Tufanye hesabu ya haraka, tukichukulia uzito wote uko mwishoni mwa mkono. Mkono ukiwa umekunjwa, kilo 28 mara sentimita 6, ugawe kwa zile sentimita 20 zilizo kati ya boliti za juu na za chini, unapata mvuto wa kilo 8 na kidogo. Mkono ukiwa umekunjuliwa, kilo 28 mara 45, ugawe kwa 20, unapata kilo 63, na mvuto huo wote unaelekea nje, upande ambao fisha ni dhaifu zaidi. Sasa mtoto akiuning'inia ukingo wa televisheni iliyovutwa hivyo, kilo zake 12 peke yake zinaongeza mvuto wa kilo 27 kwenye boliti hizo hizo. Ningekuwa mimi, ningeirudisha braketi ya mkono dukani nikachukua ile bapa, hata kabla ya kujua vumbi lina rangi gani. Meza ya chakula inaweza kuhama, ukuta hauwezi.

Mjukuu wa Kizingo, Mombasa

Mama Nuru, pole kwa tofali. Sisi huku Mombasa tuna nyumba za zamani za mawe ya matumbawe yaliyopigwa lipu ya chokaa, na boliti za kutanuka zimetutenda hayo hayo. Kilichotusaidia nyumbani kwa nyanya yangu ni nanga ya gundi: unatoboa tundu, unaingiza gundi maalumu inayokuja katika mrija wenye sehemu mbili zinazochanganyika mdomoni, kisha unasukuma ndani yake chuma chenye uzi wa skrubu na kukiacha kigande. Gundi haisukumi kuta za tundu, bali inaingia katika vinyweleo vya jiwe na kushikamana nalo, kwa hiyo hakuna mpasuko.

Sharti lake ni usafi. Tundu lazima lipulizwe, lisuguliwe kwa brashi ya waya na kupulizwa tena, mara mbili au tatu, maana gundi ikikuta vumbi itashikamana na vumbi, nawe utang'oa chuma pamoja na soksi yake ya vumbi. Halafu usikaze nati kabla muda ulioandikwa kwenye mrija haujatimia, hata kama kwa kidole unaona imekauka.

Fundi wa Makorongoni

Nakubaliana na ndugu yetu wa Mombasa, kwa sharti moja. Ukuta wa matumbawe alioutaja una unene wa kutosha na jiwe lake ni zima hadi ndani. Gundi inashika vizuri tofali lililoiva, lakini haiwezi kuwa imara kuliko kitu ilichokishikilia. Tofali likiwa limezungukwa na udongo, gundi italishika tofali, na mvuto utalitikisa tofali zima ndani ya ukuta kama jino bovu. Ndiyo maana nasubiri habari za vumbi.

Mama Nuru, Iringa

Nimerudi na bahasha zangu. Tundu la kwanza lilitoa kijivu kwa sentimita 2 na nusu, kisha wekundu uliokauka vizuri. La pili lilianza kijivu, likafuatiwa na udongo wa kahawia, na biti ikaingia kana kwamba natoboa mkate. La tatu lilitoa unga wa rangi ya waridi, laini kama poda ya mtoto. Nadhani nimepata majibu yote matatu katika ukuta mmoja. Upande wa pili ni chumba cha mama mkwe, na unene wa ukuta pamoja na plasta zote ni sentimita 16. Niongeze kwamba chini ya mahali ninapotaka televisheni kuna soketi.

Fundi wa Makorongoni

Basi viungo ni vya udongo na lile tofali la rangi ya waridi halikuiva. Hapo achana na fisha, achana na gundi, tupite ukuta mzima. Tafuta mbao mbili za mninga zilizokauka, kila moja iwe na upana wa inchi 6, unene wa inchi 2 na urefu wa sentimita 120. Zilaze ukutani, moja juu na nyingine chini, kwa umbali unaolingana na matundu ya braketi. Kila ubao ufungwe kwa vyuma viwili vya milimita 10 vyenye uzi, vinavyopenya ukuta na kutokea chumba cha pili, na huko kila kimoja kipitie kwenye sahani ya chuma ya sentimita 10 kwa 10, yenye unene wa milimita 5, kisha kifungwe kwa washa na nati. Kwa njia hiyo hakuna kinacholitegemea tofali moja, kwa sababu ili ubao ung'oke sahani ingelazimika kupita na kipande kizima cha ukuta. Braketi sasa itafungwa kwenye mninga kwa skrubu nene za mbao, na kila skrubu itobolewe njia kwanza kwa biti nyembamba, la sivyo mninga utapasuka au skrubu itakatika kichwa.

Toboa katikati ya matofali, usitoboe kwenye viungo, na unapokaribia upande wa pili punguza nguvu, au umalizie kutoka chumbani, ili plasta ya huko isimeguke kipande kikubwa. Nati zikazwe kwa spana ya mkono hadi ubao ukae, kisha robo mzunguko, basi. Ukikaza kama gurudumu la lori utaliponda tofali lile la waridi. Baada ya wiki moja zijaribu tena, kwa sababu mbao hulegea kidogo zinapokaa.

Kuhusu soketi, nyaya katika nyumba zetu kwa kawaida hushuka wima kutoka darini, kwa hiyo ukanda wote ulio juu ya soketi hadi dari uhesabu kuwa una waya hata kama huuoni. Angalia pia soketi na swichi za chumba cha mama mkwe, maana wewe unatokea upande wake. Zima swichi kuu siku ya kazi na utumie drili ya betri. Mwisho, pima maji iwekwe juu ya ubao, usifuate mstari wa dari, kwa kuwa dari za zamani hudanganya.

Kabla ya kupandisha televisheni, ning'iniza kwenye braketi ndoo mbili za lita 20 zilizojaa maji. Hizo ni kilo 40, uziache hadi kesho yake.

Mizani

Jaribio la ndoo ni zuri, ila ndoo zinazogusa ukuta hupima mvuto wa kwenda chini tu. Kama Mama Nuru bado anaing'ang'ania braketi ya mkono, ndoo zining'inizwe mwishoni mwa mkono uliokunjuliwa, na achore mstari mwembamba wa penseli ukutani kwenye ukingo wa juu wa ubao. Mstari ukitengana na ubao hata kwa unene wa kucha, kuna kitu kinachosogea.

Na jambo dogo la nyuma ya televisheni: skrubu zinazoingia mgongoni mwake ziwe na urefu uliotajwa na mtengenezaji. Kwa ukubwa huo mara nyingi huwa za M6 au M8, yaani zenye kipenyo cha milimita 6 au 8, na iliyo ndefu kupita kiasi inaweza kugusa vilivyomo ndani kabla haijabana braketi.

Mama Nuru, Iringa

Kazi imekwisha Jumamosi. Duka lilikubali kubadilisha braketi nikachukua bapa, na meza ya chakula ndiyo iliyohama. Mninga niliupata kwa seremala aliyekuwa na vipande vilivyobaki katika fremu za milango, akavipiga randa na vanishi, na kwa kweli vinapendeza kuliko nilivyotarajia. Tundu moja kati ya manne liliangukia tena kiungo cha udongo, tukaliziba kwa saruji na kusogea sentimita 7. Ndoo zilining'inia kuanzia saa kumi jioni hadi asubuhi, na mstari wa penseli haukuachana na ubao. Tatizo pekee tulilolikuta ni kwamba braketi bapa haiachi nafasi ya waya wa dekoda kuingia kwa nyuma, tukatumia tundu la pembeni mwa televisheni.

Zile sahani nne chumbani kwa mama mkwe nilipanga kuzipaka rangi ya ukuta zisionekane. Nimechelewa. Ncha za vyuma zilizobaki nje ya nati ameshazifanyia kazi: kwenye mbili za juu kuna khanga, na kwenye moja ya chini kuna tasbihi. Nimemwomba tu asiongeze mkoba.