Picha ya kale ya bandari ya Dar es Salaam: ni ya mwaka gani?

Swali: Ndugu zangu, babu ameniachia picha ya bandari yetu, iliyobandikwa kwenye kadibodi bila tarehe. Yaonekana majahazi na minazi, lakini barabarani hamna mtu, ila vivuli vilivyofifia. Nitakadiriaje umri wake?

Jibu: Tafuta kwanza minara ya makanisa. Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilijengwa kati ya 1897 na 1902, na lile la Kilutheri la Azania Front karibu miaka hiyo hiyo, hivyo ufukwe usio na minara unaelekea kuwa wa kabla ya hapo. Boma la Kale halitakusaidia, kwani limesimama tangu enzi za Sultani Majid, miaka ya 1860.

Jibu: Naafiki. Hivyo vivuli, kwa maoni yangu, ni watu waliopita wakati lenzi ikiwa wazi. Anga jeupe pe nalo lisikudanganye: sahani nyingi za kioo za siku hizo, zilizotumika kupigia picha kabla ya filamu, zilidaka mno mwanga wa buluu, mawingu yakapotea.

Mwuliza swali: Ahsanteni sana. Nimetazama kwa kioo cha kukuzia: upo mnara mmoja, umezungukwa na jukwaa la miti la mafundi wa ujenzi.